Vitone Kando ya Mlango

Wiki iliyopita Brenda, mmoja wenu pale ofisini Kilimani, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ramani ya zamani ya nyumba fulani ya Uthiru, imeskaniwa vizuri tu, lakini imejaa vitone kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Chini yake ameandika: "Anti Rodah, sasa? Hii kitu ni chafu ajabu. Nibonyeze ile ya kusafisha doti zitoke zote mara moja?" Nikamjibu neno moja: "Ngoja." Nasikia mlishtuka. Mmezoea kwamba Rodah akiulizwa ni saa ngapi, anaeleza kwanza saa ilinunuliwa wapi. Basi maelezo ndiyo haya, na ni yenu nyote mnaochora juu ya ramani za zamani. Someni mkinywa chai, ila kikombe kikae mbali na karatasi.

Kabla sijastaafu nilichora ramani za majengo zaidi ya miaka thelathini, mwanzo kwa wino, baadaye kwa kompyuta. Sehemu iliyonimaliza macho ni ile ya katikati: kuchukua ramani za karatasi, kuziskani, kuziingiza kwenye kompyuta kama picha, kisha kuchora upya juu yake mstari kwa mstari. Kompyuta haijui kwamba kwenye hiyo picha kuna ukuta. Kwake ukuta na doa la mchuzi ni ndugu, vyote ni vitone vyeusi vilivyokaa karibu karibu. Wa kuvitofautisha ni wewe uliyeshika kipanya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njoroge. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ikijisikia. Mzee alikuwa mchoraji mkuu: mtu mfupi, sweta ya kijivu Januari mpaka Desemba, chupa ya chai chini ya meza na mkebe wa chakula chake cha githeri juu ya droo za ramani. Nilipofika pale nikiwa msichana kutoka Kakamega, mkono wangu ulikuwa ukitetemeka hata kuta zangu zikaonekana zimelewa. Hakunigombeza. Alinipa wembe. Zamani, wanangu, hatukuwa na batani ya kurudi nyuma. Tulichora kwa wino kwenye tresing, ile karatasi inayopitisha mwanga, na ukikosea unakwaruza wino kwa ncha ya wembe, taratibu, halafu unasugua pale kwa ukucha ili karatasi ilainike isije ikanyonya wino mpya. Wiki mbili nzima nilikwaruza tu. "Rodah," aliniambia, "kuchora kila mtu anaweza. Kufuta ndiyo kazi." Nilicheka, nikaendelea kukwaruza.

Kitu kingine alichonifundisha ni kutoiamini karatasi. Karatasi hunenepa na kukonda. Julai, baridi na unyevu vikiingia, inatanuka. Januari jua likikaza, inajikunyata. Ukiiskani, unaskani na unene wake au ukondefu wake. Kwa hiyo ukishaiingiza picha kwenye kompyuta, usikimbilie kuipima. Tafuta kipimo kilichoandikwa kwa tarakimu, kile kirefu kuliko vyote, tuseme ukuta wa mbele mita kumi na mbili. Kisha ikuze au ipunguze picha nzima mpaka ukuta ule usome kumi na mbili kamili. Vingine vyote vitafuata kwa uwiano. "Karatasi inazeeka," Mzee alikuwa akisema, "lakini namba haizeeki." Likumbukeni hilo neno, maana nitalirudia.

Kompyuta zilipokuja, yeye hakuzigusa. Aliziita televisheni. Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake, akitazama jinsi ninavyokuza picha mpaka mstari wake mmoja mwembamba unajaa kioo kizima, kingo zimechongoka kama msumeno. "Hiyo ni kalamu yangu ya sifuri nukta tatu," alisema siku moja, kwa furaha kabisa. "Hata sikujua ina meno." Nikimwambia akae ajaribu mwenyewe, alikataa: "Mimi na panya hatuelewani. Nyumbani Kabiria tunawawekea mtego." Natamani hata leo nisikie pumzi yake nyuma ya bega langu, na harufu ile ya chai yenye tangawizi. Nimefanya kazi na watu wengi waliosoma kumzidi, lakini sijapata mwingine ambaye akisimama nyuma yangu, mkono wangu unatulia.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitoka kwenye kikombe hicho hicho. Nilikuwa nachora upya nyumba ya mteja mmoja, na nje karibu na jikoni niliona duara zuri, limekamilika. Nikasema hili ni tangi la maji. Nikalichora, nikaandika kabisa kwamba ni tangi. Ramani ikaenda kwa fundi, fundi akajenga msingi wa tangi mahali ambapo mwenye nyumba alipanga kuegesha gari. Bwana Mulwa, mwenye ofisi, aliniita mbele ya watu wote. "Rodah, hii tangi umeitoa wapi?" Ikatolewa karatasi yenyewe. Duara lilikuwa la kahawia. Mzee Njoroge aliinama, akalitazama, akasema, "Hiyo ni chai yangu. Siku hiyo maziwa yalikuwa mengi." Ofisi nzima ilivunjika mbavu isipokuwa mimi na Bwana Mulwa. Yeye alinyoosha kidole kwenye kompyuta yangu: "Kuanzia leo sitaki uchafu ndani ya hiyo mashine. Safisha kila kitu kabla hujachora."

Nikawa msafi, jamani. Nilijifunza kuigeuza picha ya kijivu iwe nyeusi na nyeupe tupu, alama zote hafifu zipotee. Nilijifunza ile amri inayotafuta kila kitone kidogo kilichokaa peke yake na kukifuta. Ramani iliyoliwa na mende ikitoka mikononi mwangu ilionekana imechorwa asubuhi hiyo. Watu walinisifu na mimi nikavimba kichwa.

Kisha ofisi ikahamia huko Kilimani mliko sasa, kwenye fleti yenye vyumba vitatu, na droo za ramani hazikuwa na pa kukaa. Bwana Mulwa akaamua karatasi zote ziskaniwe, halafu zitolewe. Nilifanya kazi hiyo kwa miezi. Wiki ya mwisho Mzee Njoroge, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, aliniletea rola moja ya karatasi aliyokuwa akiiweka chini kabisa ya droo yake. Ilikuwa ramani ya nyumba yake mwenyewe ya Kabiria, aliyoichora yeye. "Na hii yangu pia, Rodah," alisema. "Lakini polepole." Nilidhani anahofia itachanika kwenye skana.

Haikuchanika. Niliiskani kwa kijivu, nikaiweka kwenye kompyuta, nikachora juu yake kama kawaida, na hapo nikapata wazo. Zawadi ya kumuaga Mzee! Nikatoa nakala ya ile picha, nikaisafisha kama sijawahi kusafisha kitu. Nikatoa madoa, nikatoa mikunjo, nikatoa vitone vya penseli vilivyotapakaa kando ya mlango wa mbele, vidogo kama chembe za vumbi. Nikaichapisha kwenye karatasi nene nyeupe, nikampelekea fundi wa fremu kule mjini, akaitia kioo. Ile rola ya zamani niliiweka kwenye rundo pamoja na nyingine, na mnunuzi wa karatasi kuukuu akaja na mkokoteni akabeba zote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao nilioutupa mimi haukuwa hata wangu.

Siku ya kumuaga, watu walipiga makofi. Mzee aliishika ile fremu kwa mikono miwili, akaivuta karibu na miwani, akautazama mlango wa mbele kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Imetoka safi sana, Rodah." Halafu, kwa sauti ya chini, "Na ile ya zamani?"

"Tulishaitoa, Mzee," nikamwambia, meno yote nje. "Hii ni bora zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akala keki. Kwa miaka mingi nilihesabu ile kuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizopata kazini.

Mzee Njoroge alifariki mwaka jana. Miezi michache baada ya mazishi nilienda Kabiria kumjulia hali mkewe, Mama Wambui. Fremu ilikuwa ukutani sebuleni, juu ya televisheni, naye alikuwa akiipanguza vumbi kwa ncha ya leso yake. Nikajisifu kidogo, nikasema bado inang'aa.

"Ni safi," Mama Wambui alisema. "Baba Wambui alikuwa anasema, Rodah ni mtu msafi." Akaendelea kupanguza. "Shida ni moja tu, mama. Ulimtoa Nyambura."

Sikuelewa. Akanikalisha, akanieleza bila ukali wowote, na heri angenikaripia. Mzee alianza kuichora ile nyumba walipokuwa bado wanakaa chumba kimoja cha kupanga Kawangware. Kila Krismasi asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, watoto wao watatu walisimama mmoja mmoja kwenye mlango wa kile chumba, Mzee akawapima kwa futi ya fundi. Lakini hakutia alama kwenye mlango ule, maana haukuwa wao. Alifungua ramani, na kando ya mlango wa mbele wa nyumba ambayo haijajengwa, akaweka kitone cha penseli kwa kipimo cha ramani, kila sentimita hamsini za mtoto sentimita moja ya karatasi. Mstari mmoja wa Wambui, mmoja wa Kimani, mmoja wa Nyambura, kitinda mimba. Vya Nyambura vilikuwa vinne. Kabla ya Krismasi ya tano, homa ya mapafu ilimchukua, na msingi wa nyumba haukuwa umechimbwa.

"Hii nyumba yeye hakuwahi kuingia," Mama Wambui alisema. "Alisimama tu hapo kwa karatasi. Picha yake hatukuwa nayo hata moja."

"Kwa nini Mzee hakuniambia?"

"Angekuambia nini na ulikuwa umemletea zawadi?"

Nililia pale kwenye kochi lake, mwanamke mzima na pochi mapajani, naye ndiye akawa ananibembeleza. Vile vitone vyake vinne vyote vingeenea kwenye ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilivifuta kwa mara moja, bila hata kuvikuza nivitazame, mimi niliyefundishwa kufuta na mwenye navyo.

Sasa mtakumbuka ile siku niliyokuja Kilimani bila taarifa mkadhani nimeletwa na hamu ya kuwaona. Kweli hamu ilikuwepo, lakini nilikuja kutafuta ile picha ya kwanza, ya kijivu, kabla ya kusafishwa. Nilijua kwamba mchoro wangu wa nyumba ya Mzee ulikuwa umeishika. Brenda akaufungua mchoro. Mistari yangu yote ilikuwepo, na nyuma yake kisanduku kitupu, ukubwa ule ule wa karatasi ya Mzee, katikati kimeandikwa tu anwani ya mahali picha ilipokuwa kwenye kompyuta. Mnajua maana yake. Mchoro haubebi picha. Unabeba anwani yake. Picha yenyewe ilikaa kwenye mashine ya zamani, na ile mashine, mkaniambia, ilikufa kitambo ikauzwa vipuri. Brenda akasema, "Pole, Anti. Si ulitufundisha picha na mchoro zitembee pamoja?" Nikasema ndiyo, nilifundisha. Nikanywa chai yenu nikaenda nyumbani.

Mwezi uliopita Mama Wambui akanipigia simu. Kimani, mwanawe, alikuwa ameamua kubomoa nyumba ajenge fleti za kupangisha, kama majirani wote. Hakumlaumu. "Lakini wataanza baada ya wiki mbili," alisema, "na mimi nakumbuka Nyambura alikuwa ananifika wapi. Unaweza kuja na futi?"

Nikaenda na futi, rula ya vipimo na penseli ngumu. Tukatoa fremu ukutani, tukafungua mgongo wake, tukaitandaza ramani mezani. Mama Wambui akasimama kando ya mlango wa mbele, akavua viatu. Kabla hajaweka mkono mwilini kunionyesha urefu, jambo moja likanisumbua. Amezeeka. Mgongo umeinama, na mwili unakunyata kama karatasi ya Januari. Tukipima alivyo leo, mtoto atatoka mfupi kuliko alivyokuwa.

Nikajiuliza angekuwa Mzee angefanya nini, na jibu likaja na sauti yake: tafuta namba iliyoandikwa. Nikaisoma ramani upya. Jikoni, kwa mwandiko wake, palikuwa na rafu: mita moja na sentimita thelathini na tano. "Hii rafu aliipimaje?" nikauliza. Mama Wambui akacheka. "Alinisimamisha akapima bega langu. Alisema hataki nijinyooshe kwa nyumba yangu." Tukaenda jikoni. Rafu ipo, haijasogea. Bega lake sasa lilikuwa chini yake vidole vinne.

"Ona," alisema, "nilikuwa sawa na hii."

Nikafanya hesabu kama vile naipanua picha iliyokunyata, bega lile lirudi kwenye rafu yake na vingine vifuate. Tukarudi mlangoni. Krismasi ya kwanza aliweka kiganja kwenye nyonga. Nikapima, nikapandisha kwa uwiano, nikaenda mezani nikatia kitone. Ya pili ilikuwa kitovuni. Ya tatu aliweka ubavuni, akasema siku hiyo Nyambura alivaa gauni la dadake lililomfunika miguu. Ya nne akaweka mkono chini ya kifua, akautoa, akauweka tena juu kidogo.

"Hiyo siku alisimama kwa vidole, ndio ampite Kimani. Baba yake akamwambia, shusha kisigino. Akashusha nusu."

"Nimweke wapi, Mama Wambui? Nipunguze?"

"Usimshushe. Weka vile alisimama."

Nikaweka. Nikamwita aje aone. Alivitazama vile vitone kwa miwani, halafu bila miwani, halafu akaniomba penseli akaishika tu, hakuandika kitu. Vya Wambui na Kimani tuliviacha. Hao wapo, watajipima wenyewe wakitaka.

Kwa hiyo Brenda, ile ramani ya Uthiru iskani tena kwa kijivu. Ile chafu ihifadhi kwa jina lake, usihifadhi nyingine juu yake, na karatasi usiipe mtu wa mkokoteni. Kisha wapigie wenye nyumba simu, uwaulize vitone ni vya nini. Pengine watakuambia ni mavi ya nzi. Basi futa kwa amani. Mimi hata simu sikuihitaji, aliyekuwa na jibu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

Tulirudisha ramani kwenye fremu, nikaipigilia misumari midogo, tukaitundika. Mama Wambui akainua ncha ya leso kwa mazoea apanguze alama za vidole vyetu kwenye kioo, halafu akasita, mkono hewani.

"Rodah, nikipanguza, vile vitone havitatoka?"

"Panguza tu, mama," nikamwambia. "Viko ndani."